Kopie-kole, Ctrl na ile bic nyekundu: historia ya vifungo vidogo



Sisi watu wa historia tunapenda kuandika juu ya mambo makubwa: wafalme, vita, mikataba, uhuru. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kitu kidogo sana, kifungo kimoja kilicho kwenye pembe ya chini ya klavie, upande wa kushoto. Kimeandikwa Ctrl. Munakifinya kila siku ao hamukifinyi kabisa, lakini kiko pale kinangoja. Mimi nilikaa chuo kikuu miaka mitano bila mtu kunieleza kazi yake, na jambo hilo lilinigarimu. Nitawaambia jinsi gani.

Ilikuwa mwaka 2009, Bukavu. Nilikuwa namaliza licence ya historia. Memuare yangu ilikuwa na kurasa 94, imeshapigwa kwenye ordinatere (ao kompyuta, sawa wanavyosema wenzetu wa Tanzania), na nilifikiri mateso yameisha. Siku ya Ijumaa direkta wangu akanirudishia kazi. Akasema: "Hili neno tribu sitaki kuliona tena. Weka communauté, kila mahali. Uniletee siku ya kwanza asubuhi."

Usiku ule umeme haukuwako. Nilikaa na taa ya mafuta na bic nyekundu, natafuta neno kwa macho, mstari kwa mstari. Kufika alfajiri nilikuwa nimezungushia duara sehemu 187, kwenye kurasa 71. Macho yalikuwa mekundu kuliko wino.

Asubuhi nikaenda kwenye sekretaria moja, zile nyumba ndogo za kupigisha kazi ambazo sisi wote tumezipitia. Wakanipa bei ya kupiga upya kurasa zote 71. Pesa hiyo sikuwa nayo. Nilitoka pale nimeshaamua kuuza simu yangu. Njiani nikaona sekretaria ingine, chumba kimoja, jenereta inalia inje, na dada mmoja ameketi nyuma ya ordinatere ya zamani ambayo herufi za klavie yake zilikuwa zimefutika karibu zote. Akaangalia karatasi zangu, akacheka.

"Yaya, hii bic nyekundu yote ni ya nini?"

Nikamweleza.

"Leta flashi."

Akafungua kazi, akafinya Ctrl na H pamoja. Kikatokea kidirisha chenye nafasi mbili: neno la kutafuta, na neno la kuweka mahali pake. Akaandika tribu, akaandika communauté. Halafu akasimamisha mkono.

"Ngoja kwanza. Mu memuare yako muko tribunal?"

"Iko."

"Na contribution?"

"Iko."

"Basi ningefinya tu vile, ungeenda kusoma communauténal mbele ya juri."

Akaweka alama pa kusema "neno zima tu", akafinya. Halafu akarudia kwa tribus ya wingi. Akaniambia bado: "Bahati yako, maneno yote mawili ni ya kike mu Kifaransa. La inabaki la." Mashini ikaandika hesabu zake, na tulipojumlisha zote mbili zikatoka mahali 214. Macho yangu ya usiku mzima yalikuwa yameona 187. Maneno 27 yalikuwa yamenipita, pamoja na usingizi wangu na mafuta ya taa. Kazi yake haikufika dakika tano. Aliniomba franka 500.

Siku ile nilishukuru Mungu na yule dada. Miaka ilipita mbele nijiulize swali ambalo mwanahistoria alipaswa kujiuliza papo hapo: kitu hiki kilitoka wapi?

Kazi ya kutafuta neno ndani ya kitabu ni ya zamani kuliko umeme. Katika karne ya 13, mjini Paris, watawa wa Wadominiko wakiongozwa na Hugues de Saint-Cher walitengeneza konkordansi ya Biblia ya Kilatini. Ni orodha ya maneno kwa alfabeti, na mbele ya kila neno mahali ambapo linapatikana. Walifanya kwa mkono na kwa macho, sawa mimi na bic yangu, tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi na Biblia ni ndefu kuliko memuare. Lakini muangalie faida yake: mhubiri aliyetaka kusema juu ya neno "maji" hakuhitaji tena kusoma kitabu kizima. Wachache walitumikia mara moja, wengi wakapata njia fupi kwa karne nyingi. Hapo njo chanzo cha wazo lenyewe.

Karne saba baadaye, padri mwingine akakutana na mzigo ule ule. Roberto Busa, Mjezuiti wa Italia, alitaka kupanga maneno yote ya maandiko ya Mtakatifu Thomas wa Aquino. Mwaka 1949 alisafiri mpaka Marekani, akaonana na Thomas Watson, mkubwa wa kampuni ya IBM, akamwomba msaada wa mashini. Wakakubaliana. Kazi ilifanywa kwa kadi za karatasi zenye matundu, na ilichukua miaka zaidi ya 20. Ilipotoka kwenye karatasi ilikuwa vitabu 56. Vitabu vya historia vinamtaja Busa, na ni haki yake. Lakini waliokuwa wanaketi kwenye mashini pale Gallarate, wanatoboa kadi neno kwa neno, walikuwa kwa wingi wasichana. Kwa muda mrefu hakuna aliyewataja. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule dada wa Bukavu. Mpaka leo jina lake silijui, sikumuuliza.

Mlango mwingine ulifunguka mwaka 1973, kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani. Mtu mmoja pale, Lee McMahon, alikuwa anachunguza maandiko ya Federalist. Hayo ni makala 85 ya miaka ya 1787 na 1788 ya kutetea katiba mpya ya Marekani, yaliyoandikwa na watu watatu, Hamilton, Madison na Jay, wote wakijificha nyuma ya jina moja. Swali lake lilikuwa la kihistoria kabisa: ni nani aliandika ipi? Ili ajibu, alihitaji kutafuta maneno ndani ya maandiko yote. Programu ya kuandikia waliyokuwa nayo, ed, haikuweza kubeba maandiko mengi namna ile. Mwenzao Ken Thompson akatoa ile sehemu ya kutafuta ndani ya ed, akaifanya programu ya peke yake. Akaiita grep, kutokana na amri ya ed yenyewe: g/re/p, maana yake tafuta kila mahali, kisha onyesha mstari. Grep iko hai mpaka leo. Kwa hiyo wandugu, mutu akiwaambia kwamba informatiki haina uhusiano na masomo yetu ya historia na lugha, mumwambie asome tena. Swali la historia njo lilisukuma ile mashini.

Sasa turudi kwenye kifungo chenyewe. Ctrl haikuzaliwa na ordinatere. Ilikuwako kwenye teletipi, zile mashini za kutuma maandishi kwa waya. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana juu ya hesabu za herufi zinazoitwa ASCII: kila herufi ilipewa namba yake, na namba za mwanzo ziliwekwa kando kwa ajili ya amri zisizoonekana kwenye karatasi, kama kurudi mwanzo wa mstari ao kupiga kengele. Ukishika Ctrl na kufinya herufi, ulikuwa hautumi herufi, unatuma amri. Ctrl na G ilipiga kengele kwa mwenzako upande wa pili wa waya, sababu G ni herufi ya saba na kengele ilikuwa amri namba 7. Ninyi muliozoea Word ya Kifaransa munajua kwamba Ctrl na G inafanya maandishi kuwa mazito, juu ya neno gras. Kifungo kile kile, miaka inapita, kazi inabadilika. Sawa neno katika lugha.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu karibu 1,000 akaonyesha jinsi mtu anaweza kuandika, kufuta na kuhamisha maneno kwenye skrini. Mkono wake wa kuume ulikuwa na panya, yaani souris, na wa kushoto ulikuwa na vifungo vitano vya kufinya pamoja kama mtu anayepiga kinanda. Wazo lake lilikuwa wazi: mkono mmoja unaonyesha, mwingine unaamuru. Ile ya panya tuliichukua wote. Ile ya mkono wa kushoto wengi tuliiacha, na hapo njo tunapoteza wakati mpaka leo.

Kisha ikaja kopie-kole. Kwetu neno hilo limekuwa tusi. Ukimwambia mwanafunzi "memuare yako ni kopie-kole", umemwita mwizi. Lakini waliolianzisha hawakuwa wezi. Kwenye kituo cha utafiti cha Xerox, kule Palo Alto, California, kulikuwa na programu ya kuandikia inayoitwa Bravo. Ilikuwa na hali mbili: hali ya amri na hali ya kuandika. Ukisahau uko kwenye hali gani, umekufa. Wanasimulia kwamba mtu akiandika neno edit huku mashini iko kwenye hali ya amri, herufi E ilichagua kazi yote, D ikaifuta, I ikasema "weka", na T ikawekwa. Kazi yako yote imekuwa herufi moja, t.

Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walikataa mambo hayo. Katika miaka ya 1974 na 1975 walitengeneza programu ingine, Gypsy, kwa ajili ya Ginn, nyumba ya kuchapisha vitabu vya shule ambayo ilikuwa mali ya Xerox. Wahariri wa siku zile, wakitaka kuhamisha paragrafu, walikata karatasi kwa makasi na kuibandika mahali pengine kwa gundi. Gypsy ikafuata mikono yao: kata, nakili, bandika, bila hali mbili za kukuchanganya. Makasi na gundi vikaingia ndani ya mashini. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na mawazo yale yakatoka sokoni na ordinatere ya Lisa mwaka 1983, kisha Macintosh mwaka 1984. Alifariki Februari 2020, na dunia ikakumbuka kwamba kopie-kole ina baba.

Na zile herufi? Tesler mwenyewe alieleza. X ni alama ya kukata kwa msalaba. C ni ya kunakili, copy. V inafanana na ile alama ya wahariri ya kuonyesha pa kuingiza neno, ikigeuzwa. Na Z, ya kurudi nyuma ukikosea, iliwekwa juu iko jirani nazo. Kwenye klavie ya Waingereza herufi hizo nne ziko pamoja, Z X C V, chini upande wa kushoto, karibu na kifungo cha amri. Mkono mmoja unazifikia zote, mwingine unabaki kwenye panya.

Lakini sisi tulipokea klavie ya AZERTY, ya Wafaransa na Wabelgiji. Angalieni klavie yenu sasa hivi: mstari wa chini unaanza na W, halafu X C V. Z yetu imepanda mstari wa juu. Ile familia ya watu wanne imegawanyika, watatu chini, mmoja juu. Ni jambo dogo, lakini mtoto wa Kongo akiona Ctrl na Z haoni sababu yake, anaona uchawi wa kukariri. Urithi wa ukoloni hauko tu kwenye mipaka na mikataba. Uko hata chini ya vidole vyetu.

Upande wa IBM na Microsoft mambo yalikwenda kwa njia ingine. Mwaka 1987 IBM iliandika kanuni zake, na huko kukata kulikuwa Maj na Suppr, kunakili kulikuwa Ctrl na Inser, kubandika Maj na Inser. Mwaka 1992 Windows 3.1 ikaleta pia Ctrl pamoja na X, C na V, na hizo zikashinda. Zile za zamani hazikufutwa. Kama herufi C ya klavie yako imekufa, jaribu Ctrl na Inser, utaniambia.

Na ile Ctrl, Alt, Suppr ambayo tunaifinya ordinatere ikikataa kusikia? Ilitoka kwa David Bradley, injinia wa IBM aliyefanya kazi kwenye ordinatere yao ya mwaka 1981. Mwanzoni alitumia vifungo vilivyo karibu karibu, wakaona ni rahisi kuvigusa kwa bahati mbaya na kupoteza kazi. Akaweka kimoja upande wa pili, ili mikono miwili ilazimike kukubaliana.

Kutafuta nako kulikua. Mwaka 2005 Apple ilitoa Spotlight, mwaka 2007 Windows Vista ikaweka nafasi ya kutafuta ndani ya menyu ya mwanzo: unafinya kifungo chenye alama ya Windows, unaandika jina la kazi yako ao neno lililo ndani yake, mashini inakuletea. Hauhitaji tena kufungua dosie ndani ya dosie kama mtu anayetafuta funguo gizani. Lakini kuwa na chombo na kujua chombo ni vitu viwili. Mwaka 2011 mtafiti wa Google, Daniel Russell, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia jinsi watu wanavyotafuta, alisema kwamba watumiaji 90 kati ya 100 hawajui Ctrl na F. Na hao ni Wamarekani. Tusijione wajinga peke yetu.

Sasa niwape mwisho wa memuare yangu, sababu sikusema yote.

Siku ya kutetea, nilivaa koti la kuazima, nikasoma vizuri. Mmoja wa juri akafungua sura ya pili, pale nilipokuwa nimetoa maneno ya ripoti ya administrateri mmoja wa kikoloni ya mwaka 1934. Akasoma kwa sauti. Akavua miwani.

"Bwana mwanahistoria, ripoti hii mimi naijua. Huyu mzungu wa 1934, neno communauté alilitoa wapi?"

Nikanyamaza. Ctrl na H ilikuwa imefanya kazi yake kila mahali, hata ndani ya mabano ya maneno ya watu wengine. Mahali 11 nilikuwa nimebadilisha ushahidi. Yule mkoloni aliandika tribu na alimaanisha tribu, pamoja na dharau yake yote, na mimi nilimsafishia kinywa bila kujua. Kwa mtu wa historia hiyo ni zambi. Nilipita, lakini distinction niliyokuwa naingoja ikaenda.

Sikumlaumu yule dada. Yeye alilinda tribunal na contribution, mambo ambayo mashini haikuweza kuyaona na mimi sikuyafikiri. Maneno gani ni yangu na gani ni ya marehemu, hayo ni mimi nilipaswa kumwambia. Kidirisha kile kile kina kifungo kingine, cha kwenda moja kwa moja, Suivant, unaangalia, unakubali ao unaruka. Mahali 214 kwa namna hiyo ni nusu saa. Nusu saa ile ingeniokoa. Usiku mzima wa bic nyekundu ulikuwa ujinga, na dakika tano bila macho zilikuwa ujinga wa pili.

Leo nafundisha sekondari. Kila mwaka, wiki ya kwanza, nawapa wanafunzi wangu saa moja: Ctrl na F ya kutafuta, Ctrl na H ya kubadilisha, Ctrl na Z ya kutubu, Ctrl na S ya kuhifadhi mbele umeme haujakatika. Halafu nawasimulia administrateri wa 1934. Wanacheka, lakini hawasahau.

Wandugu, kati yetu muko wakubwa wa ofisi, walimu, ba mama wa mashirika, mapadri. Kila mmoja ana kijana karibu yake ambaye yuko anatafuta neno kwa bic nyekundu. Wiki hii muketi naye dakika kumi. Haitaji diplome.

Ile sekretaria haiko tena. Nilipita pale mwaka jana, wanauza vitenge. Nikauliza juu ya dada aliyekuwa anapiga kazi pale zamani. Hakuna aliyemjua.